Asilimia Tatu ya Maalim Talib

Nyumba ya Bi Thuwaiba iko Kiponda, ghorofa ya tatu, na ngazi zake ni thelathini na moja. Zamani Maalim Talib alizipanda bila kujua idadi yake. Siku hizi alizihesabu moja moja, na kila alipofika ya kumi na tisa, penye kidirisha, alisimama akajifanya anatazama mandhari. Mandhari yenyewe ilikuwa ukuta wa jirani.

Jumamosi hiyo aliutazama ukuta kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na kibao cha umeme cha kusomea vitabu, na ndani ya kibao mlikuwa na uongo wa asilimia mia.

Inafaa mambo haya yaelezwe kwa utaratibu, kwani yanahusu watu wazima wenye mvi zao.

Chama chao cha wasomaji kilikuwa na miaka tisa na watu wanne. Walikutana kwa Bi Thuwaiba, Jumamosi moja katika kila mbili, baada ya sala ya alasiri. Vitabu vilizunguka mkono kwa mkono, na kila mtu alieleza anachosoma bila kuufichua mwisho, kwani kufichua mwisho katika chama kile kulihesabiwa karibu sawa na kula mchana wa Ramadhani. Aliyemaliza kitabu alitia sahihi kwa penseli ndani ya jalada la nyuma. Maalim Talib, aliyesomesha jiografia miaka thelathini na sita, ndiye aliyekalia kiti cha mpingo karibu na dirisha, na ndiye aliyetunga kanuni. Moja katika kanuni hizo ilisema kwamba kila kitabu kina vikao vitatu, na atakayefika kikao cha tatu hajamaliza atapumzishwa. Neno hilo, "kupumzishwa", alilichagua mwenyewe kwa upole wake. Mtu wa kwanza kupumzishwa alikuwa Masoud, karani mstaafu wa bandarini, na mpaka leo Masoud akimwona Maalim Talib sokoni Darajani huinamia mafungu ya bizari nzima na kuyachunguza kama daktari.

Sasa lije lile lisilopendeza. Maalim Talib hakuwa amesoma kitabu kizima kwa miaka mitatu.

Hakuwa mvivu, wala macho yake hayakuwa na kasoro. Daktari aliyatazama akayasifu. Alikuwa amechoka tu. Akifungua kitabu, mstari wa kwanza ulimkaribisha, wa pili ukamtandikia, wa tatu ukamfunika shuka. Alijaribu asubuhi, alijaribu kusimama, alijaribu na karafuu mdomoni. Alilala asubuhi, alilala wima, na siku ya karafuu nusura imkwame kooni. Pengine madaftari yote yale ya wanafunzi, miaka thelathini na sita ya "mto ni maji yanayokwenda", yalikuwa yamemaliza fungu lake la maneno hapa duniani. Hakujua. Alijua tu kwamba tangu astaafu, na tangu mkewe Salhiya atangulie mbele ya haki, chumba hiki cha Kiponda ndicho mahali pekee palipobaki ambapo watu walimsubiri kabla ya kuanza jambo.

Basi alikuwa na njia yake. Vitabu vilipogawiwa alisema kwa unyenyekevu, "Someni kwanza nyinyi, mie ntafunga mlango." Kila kitabu kilimfikia yeye mwisho, kimejaa penseli za wenziwe pembeni mwa kurasa: hapa Bi Thuwaiba kaandika "muongo huyu", pale Khelef kaandika "nilijua". Maalim Talib alizisoma pembe, akaacha katikati. Kwenye kikao alikunja mikono na kusema mambo kama, "Mwandishi ametuuliza swali, lakini je, sisi tumejiuliza?" Wenzake walitikisa vichwa. Vitabu kumi na saba vilipita hivyo, na sahihi yake imo katika majalada yote, nzuri, yenye mkia.

Kisha Basil, mpwa wa Bi Thuwaiba anayefanya kazi Maskati, akawaletea vibao.

Vilikuwa vinne, vyeusi, vyembamba, kila kimoja na vitabu zaidi ya mia tumboni. Basil aliviandikisha vyote kwa jina lake ili wazee wasisumbuke, akawawekea na kitabu cha kuanzia: riwaya ya upelelezi kuhusu tajiri wa karafuu aliyekutwa amekufa chumbani, na mlango umefungwa kwa komeo upande wa ndani. Wote wangesoma kwa pamoja. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho, hakuna penseli.

Kuzoea hakukuwa kwepesi. Bi Thuwaiba, mkunga mstaafu ambaye alipokea nusu ya watu wa Kiponda wakiwa uchi, alilalamika kwamba kibao hakina harufu ya kitabu, akakifukiza udi. Alikiweka juu ya chetezo kama kanga za harusi, na kona moja ikajikunja. Khelef, muuza makufuli na bawaba wa Darajani, alikitia ndani ya mfuko wa nailoni akaufunga kwa mpira, kama anavyofunga rimoti ya televisheni, na alikuwa akisoma kupitia nailoni. Maalim Talib mwenyewe, kwa mazoea, alilamba kidole kila alipotaka kugeuza ukurasa, na kioo kilikuwa na madoa.

Aliyekizoea upesi alikuwa Mwanapili. Huyu ndiye mdogo wao, hajafika arobaini, anaongoza wageni katika msitu wa Jozani. Aliingia chamani mwaka juzi, na Khelef hakuwa amemzoea bado. Alimwita "binti wa makima". Mwanapili alisoma kwenye benchi la getini baina ya kundi moja la wageni na jingine, na kibao chake kilikuwa na alama nne za meno. Kima punju mmoja, wale wekundu wa msitu ule, alikidhania chakula.

Ubaya wa kibao haukuwa harufu. Ubaya ulikuwa kijitarakimu chini ya ukurasa. Kitabu cha karatasi hakimsemi mtu, lakini kibao kilikuwa na ulimi: umesoma asilimia kadhaa, hujasoma asilimia kadhaa. Na kwa kuwa jalada la kutia sahihi halikuwapo tena, Bi Thuwaiba alitundika ubao mdogo ukutani, akawa anaandika kwa chaki asilimia ya kila mtu. Kikao cha kwanza Maalim Talib alisema kibao chake hakina chaji. Kikao cha pili alisema amekisahau Chukwani, nyumbani kwake, na alisema hivyo mkoba ukiwa umemkalia mapajani. Kikao cha tatu kilikuwa Jumamosi hii, na mpaka juzi kijitarakimu chake kilisema tatu.

Kwa hiyo jana, Ijumaa, baada ya sala na baada ya wali, alikaa uani na kukifanyia kibao lile lililobaki kufanyika. Alikigonga. Ukurasa, ukurasa, ukurasa, mpaka kidole gumba kikawa moto. Lakini Maalim Talib alikuwa na heshima yake hata katika wizi: kuidanganya mashine aliona ni jambo moja, na kujiharibia hadithi ni jambo jingine. Huenda siku moja nguvu zingemrudia akaisoma. Basi alivua kofia akaifunika juu ya kioo, akaacha wazi ile pembe ya tarakimu peke yake, na huku akigonga aliwatazama kuku. Ilipofika mia alizima kibao, akavaa kofia, akajisikia mchovu kama mtu aliyekisoma kitabu kweli.

Ndiyo hali aliyokuwa nayo kwenye ngazi ya kumi na tisa. Akavuta pumzi, akamalizia kumi na mbili zilizobaki.

Juu alikuta wenzake wameshakaa. Mwanapili alimwamkia, "Shikamoo, Maalim," akaitikia marahaba, akajishusha kwenye kiti cha mpingo na magoti yake yakasema yao. Kahawa ilimiminwa, visheti vikazunguka. Bi Thuwaiba alitwaa chaki, akaomba kila mtu afungue kibao, maana siku ya hesabu imefika.

Alianza mwenyewe. Alikitoa kibao chake kwenye kitambaa cha kufuma, akakiwasha, akakikunjia uso. Midomo yake ilisoma kitu polepole, kisha akagusa kioo mara moja tu. "Mie nshamaliza," alisema, akaandika mia mbele ya jina lake, na chaki ikalia.

Khelef alifungua mpira, akapapasa nailoni, naye akasoma kitu, naye akagusa mara moja. Alikitazama kioo, akapepesa macho, akakifunika kwa kiganja haraka kana kwamba kimevua nguo. Alisema kwamba hata yeye amemaliza, tena tangu zamani.

Maalim Talib alisema mia kwa sauti ya chini, inayomfaa mtu asiyependa kujisifu.

Akabaki Mwanapili. Alikuwa bado na viatu vya msituni, na udongo mwekundu umekauka pembeni mwa soli. Alisema kibao chake kinaonesha mia, lakini si kweli. Amesoma asilimia arobaini na moja. Wiki hizi wageni ni wengi, alieleza, na siku nyingine akifika nyumbani huanguka kitandani hajavua hata buibui.

Khelef aliliona pengo akaliingia. Alisema mashine haidanganyi, kinachodanganya ni mtu. Kama si hivyo basi ameiharibu kwa kumpa kima aitafune. Na kanuni ni kanuni. Kikao cha tatu ni kikao cha tatu, na Masoud alipumzishwa kwa asilimia themanini, alipokuwa amebakisha sura mbili tu. Alipokwisha alimtazama Maalim Talib, mwenye kanuni zake, amalizie.

Mwanapili hakubishana. Alikuwa na ule utulivu wa mtu aliyetembea tangu alfajiri. "Leo asubuhi kibao kiliniuliza," alisema. "Kimeniambia ukurasa wa mbali zaidi umesomwa kwenye mashine nyingine ya Basil, jana, saa nane na dakika arobaini mchana. Kikauliza kama nataka kwenda huko. Nikaona nimekaribishwa, si adabu kukataa. Nikasema ndiyo, kikanitupa mwisho wa kitabu." Akakiweka kibao mkekani, taratibu. "Lakini kama kanuni ndiyo hiyo, ntapumzika. Wallahi, kupumzika kwenyewe sikukatai."

Alianza kukusanya mkoba wake.

Maalim Talib alikuwa amekwama kwenye saa nane na dakika arobaini. Aliiona: ua, kuku, kofia juu ya kioo, kidole gumba kilichopata moto. Vibao vyote ni vya jina moja, basi kumbe ni kitabu kimoja, na aliyekimbia mbele anawaita wengine nyuma. Alisomesha ramani miaka thelathini na sita na hakuwa amelifahamu hilo.

Kisha akafahamu na la pili, nalo likamchosha zaidi. Kama Bi Thuwaiba angekuwa amemaliza, ukurasa wa mbali zaidi ungekuwa wake. Kama Khelef angekuwa amemaliza tangu zamani, mashine isingekuwa na la kuuliza. Na Khelef, mtu ambaye akipita mlango wowote mjini husimama kulishutumu komeo lake, ameisoma vipi riwaya nzima ya komeo asiseme neno? Wale wawili wameulizwa hapa hapa, mbele ya macho yake, wamesema ndiyo, wametupwa mwisho, na wameipokea ile mia kama bahati.

Kwa hiyo chumbani mle alikuwamo msomaji mmoja tu, na ndiye aliyekuwa akifunga zipu ya mkoba.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Angesema kwa huzuni ya mwenyekiti kwamba kanuni inauma lakini ndiyo kanuni. Mwanapili angeshuka ngazi thelathini na moja, na kiti kingebaki chake. Wiki mbili mbele angesubiriwa tena. Maalim Talib aliipima njia hiyo, akaiona ndefu, ina kitabu kingine mbele, na kingine, na kuku, na kofia. Hakuwa na nguvu.

"Kaa, Mwanapili," alisema. "Saa nane na dakika arobaini nlikuwa mie."

Bi Thuwaiba alimgeukia na kusema kwamba hilo si kosa, mtu kumaliza kitabu.

"Sikukisoma. Nlikigonga tu. Nlikuwa asilimia tatu."

Aliwaeleza yote, bila kupamba: kofia, kuku, na vile vitabu kumi na saba alivyosoma pembe. Alipofika kwenye kulala sauti ilimpungua. Aliwaambia hajui nini kimemfika, ila kila akifungua kitabu ni kama mtu anamwambia, sasa basi, Talib, pumzika, naye hapingi. Hakuwatazama. Aliutazama ubao, jina lake na ile mia yake.

Barabarani chini mtu wa pweza alipita akinadi mpaka sauti ikapotea kwenye kona.

Bi Thuwaiba ndiye aliyesema. "Mie nlikuwa tisa." Alikikunja kile kitambaa cha kufuma mara mbili, mara nne. "Nawasha, nakifukiza, nakaa nacho. Kisha nawaza mambo mengine."

Wote walimtazama Khelef. Khelef hakutaja tarakimu, na hajaitaja mpaka leo. Aliinuka, akachukua kitambaa cha kahawa, akaufuta ubao wote, majina na mia zake, akarudi akakaa.

"Kanuni ikisimama," Bi Thuwaiba alisema, "chumba hiki kitabaki na viti tu."

"Na mwisho?" Mwanapili aliuliza. "Nani ameuona?"

Maalim Talib alisema yeye alikuwa na kofia. Mwanapili alisema kilipomtupa huko alifumba macho pale pale getini, akakifunika kibao kwa jani la mkungu mpaka alipokizima. Wageni wawili wa Kijerumani walimpiga picha. Bi Thuwaiba hakuwa na miwani ya karibu, aliona tarakimu tu. Khelef alikuwa akiuchunguza upindo wa kanzu yake.

"Bwana Khelef," Bi Thuwaiba alisema.

"Nimeuona mstari mmoja," Khelef alisema kwa unyonge. "Lakini ni mstari wenyewe." Akafungua mdomo kidogo, na wanawake wawili wakamnyooshea vidole kwa pamoja, akaufunga. Watu wamehukumiwa kwa mengi katika mji ule, lakini adhabu ya Khelef ilikuwa ya kipekee: kuisikiliza riwaya yote ya komeo, kikao kwa kikao, anajua, na asiseme.

Kwani ndivyo ilivyoamuliwa. Isomwe kwa sauti, tena na anayejua kusoma. Maalim Talib aliinuka kwenye kiti cha mpingo. Hakukuwa na hotuba. Alishika mikono ya kiti, magoti yakalia, akasimama, akamwelekeza Mwanapili kwenye kiti kwa mkono wazi kama anavyoelekezwa mgeni. Mwanapili alisema hapana, Maalim, haifai. Maalim alimwambia kwamba amesimama kwa taabu na hawezi kusimama muda mrefu. Basi Mwanapili akavua viatu vyake vya msituni, akavipanga pembeni ya mlango, akakaa. Miguu yake ilining'inia juu kidogo ya sakafu.

Maalim Talib alijishusha mkekani, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu. Miaka tisa hakujua kwamba ukuta ule una ubaridi mzuri.

Bi Thuwaiba aliomba aendelee palepale pa arobaini na moja, asipotezewe kazi yake. Mwanapili alikataa. Alisema msituni kundi halianzi njia katikati. Ukimwacha mtu mmoja getini utarudi kumtafuta tu. Akakirudisha kibao mpaka ukurasa wa kwanza, akasafisha koo, akasoma.

Alisoma vizuri, bila haraka, kwa ile lafudhi ya kusini aliyokuwa akiificha akizungumza na watu wa mjini. Asubuhi ya mvua. Nyumba ya tajiri. Mtumishi anabisha hodi mara tatu, haitikiwi. Maalim Talib alisikia mstari wa kwanza, na wa pili, na akaujua ule wa tatu unavyokuja na shuka lake. Alijikaza. Alifika kwenye shoka, kwenye mbao kupasuka, kwenye komeo kudondoka, na Khelef akiguna kwa mateso. Kisha sauti ya Mwanapili ikawa mbali, nzuri, ikienda na wengine njiani.

Alizinduka kwa adhana ya magharibi. Mtu alikuwa amemwekea mto kichwani na kofia yake juu ya paja. Vibao vilikuwa vimezimwa, vikombe vimekusanywa. Wote watatu walikuwa wakimtazama, hakuna aliyecheka, ingawa ilionekana wamekwisha kucheka.

"Ulifika wapi, Maalim?" Bi Thuwaiba aliuliza. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi.

Lilimjia jibu la zamani, lile la kukunja mikono, lenye mwandishi na swali lake. Akaliacha lipite.

"Mpaka mlango ulipovunjwa," alisema. "Baadaye sijui."

Mwanapili alifungua kibao, akatafuta mlango ulipovunjwa, akataja tarakimu. Bi Thuwaiba akaandika jina la Maalim Talib juu kabisa ya ubao mtupu, na mbele yake: nne.